Pipa la Taka Linaloanguka, Kuhama au Kutoweka: Kutambua Sababu na Kuitatua katika Mji wa Lamu

Katika mji wa kale wa Lamu, pipa la taka la umma halipaswi kukazwa ukutani kwa boliti wala kusimikwa katika sakafu ya njia. Kuta za mji ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na boliti ya chuma ikichimbiwa humo hushika kutu kwa chumvi ya hewani, kutu hutanuka, na jiwe hupasuka kuanzia ndani, pengine miaka mingi baada ya aliyechimba tundu kulisahau. Zaidi ya hayo, mji umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001 na unalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006, kwa hiyo kutoboa ukuta wa nyumba ya zamani si uamuzi wa fundi peke yake. Hata kama sheria isingekuwapo, njia zenyewe zisingeruhusu. Viko vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, na humo humo hupita jeneza, machela ya mgonjwa, na zafa za Maulidi na za arusi. Pipa linalofaa hapa ni lile ambalo watu wawili wanaweza kuliondoa kwa muda mfupi, lakini ambalo halitaondolewa na upepo, mnyama, maji wala mwizi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya usafi vya mitaa, wafanyakazi wa kaunti, na wenye maduka ambao wamechoka kuokota taka zilezile mara mbili. Dawa ya kwanza inayomjia kila mtu ni kutia mawe ndani ya pipa. Dawa hiyo hutibu tatizo moja tu, nayo huzidisha mengine mawili ambayo yatatajwa mbele. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kutazama.

Tazama lilivyolala kabla ya kulisimamisha

Pipa likikutwa limeanguka, lisiinuliwe upesi. Angalia limelala kuelekea wapi, na kama mapipa mengine ya njia hiyo hiyo yamelala upande mmoja nalo. Angalia kama lilikuwa tupu au limejaa, kwa sababu pipa lililojaa mara chache huangushwa na upepo. Angalia kama taka zimemwagika kwa mkupuo mmoja, au zimechambuliwa, mifuko ikapasuliwa na maganda yakavutwa mbali. Tazama kitako: je, kuna mkwaruzo sakafuni unaoonyesha kwamba liliburutwa? Mwisho, uliza lilimwagwa lini. Pipa linaloanguka kila siku inayofuata siku ya kumwagwa linatangaza lenyewe ugonjwa wake.

Maswali haya huchukua muda mfupi kuliko kubeba gunia moja la kokoto, na kwa kawaida hutosha kutenganisha sababu zinazofafanuliwa hapa chini.

Limelala upande ule ule, tupu, na kifuniko kimefunguka

Huu ni upepo. Katika kisiwa cha Lamu hutokea zaidi wakati wa kusi, unaovuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi na kukaza sana katikati ya mwaka, na huonekana kwanza pale pasipo na nyumba za kuukinga: barabara ya pwani, karibu na gati, na ufuo wa Shela. Ndani ya mji, kwenye Usita wa Mui, yaani njia kuu ya ndani, na vichochoro vinavyoukata, upepo huvunjwa na kuta, kwa hiyo pipa likianguka huko usiharakishe kuulaumu.

Ni vyema kufahamu hesabu yake, kwa kuwa watu wengi hukadiria uzito wa kuongeza kwa kubahatisha. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Chukua pipa la plastiki la magurudumu la lita 240, ambalo likiwa tupu lina uzito wa kilo 12 hivi na kimo cha sentimita 110. Dharuba ya kilomita 54 kwa saa ikilipiga ubavuni hulisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10, na msukumo huo ni kana kwamba umewekwa katikati ya kimo, sentimita 55 kutoka chini. Zidisha 10 kwa 55, upate 550. Huo ndio uwezo wa upepo wa kulipindua. Uwezo wa pipa wa kukataa ni uzito wake mara umbali wa kutoka katikati ya kitako hadi ukingoni, ambao ni sentimita 25 hivi: 12 mara 25 ni 300. Upepo umeshinda kwa mbali. Ukitia kilo 10 kitakoni, pande mbili zinalingana kwa 550, na dharuba inayozidi kidogo tu italiangusha. Ukitia kilo 20, pipa lina 800, na hapo limepata nafasi ya kutulia.

Sasa tazama njia ya pili. Badala ya kuongeza kilo 20, lisimamishe pipa hilo hilo katika fremu ya chuma yenye kilo 10, ambayo miguu yake imetanuka hadi sentimita 40 kutoka katikati. Uzito wote ni kilo 22, na 22 mara 40 ni 880. Kwa nusu ya uzito ulioongezwa umepata utulivu mkubwa zaidi. Upana wa kitako ni bora kuliko uzito kila mahali penye nafasi, kama vile uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome au barabara ya pwani. Kichochoroni haufai, kwa sababu mguu uliotokeza utamkwaza mzee gizani na kumkwaruza punda. Huko rudi kwenye uzito.

Uzito wenyewe uwe chini kabisa. Pipa tupu linahitaji farumi, yaani uzito wa kulituliza, kama jahazi tupu linavyoihitaji, na farumi ikikaa juu, pipa likishainama kidogo humaliziwa na uzito wake wenyewe. Hapa kuna tahadhari moja ambayo haistahili kupitwa kwa haraka: mchanga wa farumi usichimbwe katika vilima vya Shela. Vilima vile ndivyo vinavyopokea mvua na kuhifadhi maji matamu ambayo visima vya Lamu huyategemea, na hakuna pipa la taka lenye thamani ya kisima. Mchanga wa ufuoni nao una chumvi, hukaa na unyevu, na hutoboa kitako cha pipa la chuma kuanzia ndani. Tumia vifusi vya ujenzi, kokoto kavu, au zege.

Kifuniko kinahitaji tiba yake. Kikiinuliwa na upepo huwa tanga. Kimo cha kitu kinachopigwa huongezeka, na hesabu ya juu huharibika yote. Geuza pipa ili upande wa bawaba uuelekee upepo, na mdomo wake uwe upande wa pili, kisha ukifunge kifuniko kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli unaovutika kwa mkono mmoja. Kusi ukipisha kaskazi, mnamo Novemba au Desemba, pipa la pwani ligeuzwe tena.

Ili kujua kama tiba imekolea, azima mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki. Tundika ndoano yake kwenye ukingo wa juu wa pipa tupu, vuta kwa mlalo, na usome kilo wakati kitako kinapoanza kuinuka. Kwa pipa la kimo kilichotajwa, likinyanyuka kabla ya mizani kufika kilo 5 halitahimili dharuba tuliyoipigia hesabu. Likifika 7 au 8 linatosha kwa njia iliyokingwa kidogo. Mahali ambapo watoto huchezea, ningetaka kuona 15, kwa kuwa mtoto anayening'inia ukingoni huvuta kuliko upepo, na pipa linalomwangukia ni hatari kubwa kuliko taka zilizomwagika.

Limeanguka ovyo, na taka zimechambuliwa

Mifuko iliyopasuliwa, maganda ya embe na mabua ya mahindi yaliyoburutwa mbali, na mapipa yaliyolala kila moja upande wake, hayo ni ya wanyama. Lamu punda huzunguka huru baada ya kazi, paka ni wengi, na kunguru huamka kabla ya mzoataka. Hapa ndipo mawe yanaposhindwa kabisa. Punda mzima ana zaidi ya kilo 100. Akiamua kujikuna kwenye pipa au kulisukuma kwa shingo ili kufikia ganda la tikiti, hakuna farumi ya kiasi ambayo itashindana naye. Pipa zito likianguka hata hivyo, linaweza kumvunja mguu mtoto wa punda au kidole cha mtu.

Sababu haiko katika wepesi wa pipa. Iko katika harufu ya chakula na mdomo ulio wazi. Pipa lenye mdomo mpana juu ni hori. Lifunge juu, na ulitobolee mdomo mwembamba ubavuni karibu na kifuniko, ambao chupa na mfuko mdogo hupita lakini kichwa cha punda hakipiti. Kisha makombo ya jikoni na maganda yatengwe katika chombo kidogo chenye kifuniko kinachofungwa kwa kipande cha nondo kilichopindwa, ambacho mkono wa binadamu hukiinua kwa urahisi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, kwa hiyo mtaa unaoweka vyombo viwili unatekeleza sheria na unawaondolea punda kishawishi kwa pamoja. Vyombo hivyo viwili vikiunganishwa ubavu kwa ubavu katika fremu moja, kitako chao kinakuwa kipana maradufu kwa upande mmoja, na faida ya utulivu hupatikana bila kuongeza kilo hata moja.

Jambo hili lina uzito kuliko usafi wa macho. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, lakini plastiki nyembamba za namna nyingine bado zimo katika taka, na punda anayezila pamoja na maganda huziba tumbo na kufa kwa maumivu. Mji ambao hauna magari ya kuzolea mawe, mchanga na magunia unaishi kwa mgongo wa mnyama huyu, na pipa lililo wazi linamuua polepole.

Kuna sura ya pili ya tatizo hili ambayo huchanganywa na ile ya kwanza. Pipa likiwa na bonde au mkwaruzo katikati ya ubavu, na taka hazikuchambuliwa, aliyeliangusha ni punda aliyekuwa kazini, mwenye shogi, yaani mfuko wa mgongoni wa kubebea mizigo, lililojaa mawe ya ujenzi, ambalo hutokeza pande zote mbili. Mnyama hakulitamani pipa. Alipita, na mzigo ukaligonga. Tiba ni kulihamisha kutoka kwenye kona ya ndani ambako mizigo hukata, na kulirudisha nyuma ya ncha ya baraza, yaani kikalio cha mawe mbele ya nyumba, mahali ambapo ukuta wa baraza wenyewe unalikinga. Uombe ruhusa ya mwenye baraza kwanza.

Halijaanguka, lakini limehama

Pipa likikutwa limesimama wima hatua chache kutoka mahali pake, angalia sakafu. Mkwaruzo uliopinda na unaoteremka na mteremko ni wa kuteleza: njia nyingi zimeinamia mfereji, sakafu imelainika kwa miguu ya miaka mingi, na chembe za mchanga chini ya kitako hufanya kazi ya magurudumu. Kata vipande vya tairi kuukuu na uvibandike chini ya kitako. Fremu ipewe miguu mitatu, kwa sababu miguu mitatu hutulia juu ya sakafu isiyo sawa, ilhali minne huacha mmoja ukielea na pipa hutikisika kila linapoguswa hadi linahama lenyewe. Pipa la magurudumu lizuiliwe kwa kuligeuza magurudumu yaelekee ukutani na kuyawekea kigingi cha mti mbele.

Kama hakuna mkwaruzo, limebebwa. Mara nyingi aliyelibeba ni jirani, naye ana haki ya kusikilizwa. Mwenye duka la vitambaa hataki harufu mbele ya mlango wake. Mwenye kahawa hataki nzi juu ya vikombe. Wazee wanaokaa barazani jioni hawataki kuketi na jaa. Kulirudisha pipa kila asubuhi bila neno ni kuanzisha ugomvi wa kimya ambao pipa ndilo litakaloshindwa. Nenda na mzee wa mtaa, wakae wenye maduka wa pande zote mbili, wachague mahali wao wenyewe, na makubaliano yatiwe alama ya chokaa sakafuni. Alama hiyo huoshwa na mvua bila kudhuru kitu, na inaweza kuwekwa upya. Ikiwa kila mahali panakataliwa, tatizo ni harufu, na dawa yake ni kumwaga mara nyingi zaidi. Hakuna mnyororo unaotibu harufu.

Limeelea

Hili huwapata watu wa pwani ya mji tu, wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya bahari, yanapopanda hadi ukingo wa ukuta na mawimbi ya kusi yanapoyasukuma juu ya barabara, au mvua kubwa ya masika inapokuta mifereji imeziba. Utaona mapipa ya plastiki yamekusanyika sehemu moja ya chini, au yako baharini.

Pipa tupu la kilo 12 huelea likishasukuma lita 12 za maji, na kwa kitako cha kawaida hiyo ni sentimita 6 tu za kina. Hapa tundu ni dawa kuliko uzito. Toboa matundu matano au sita ya upana wa kidole kuzunguka ubavu, kama sentimita 2 juu ya kitako. Maji yataingia kwa kasi ile ile yanayopanda nje, na pipa halitapata nguvu ya kuelea. Kwa kuwa matundu yako ubavuni juu kidogo ya kitako, mchuzi mchache wa taka hubaki ndani bila kutiririka njiani, ilhali mvua haijazi pipa.

Angalia sana aina ya farumi katika sehemu hii. Mtungi wa plastiki wa lita 20 uliojazwa maji ya bahari ni farumi nzuri mahali pakavu: una kilo 20 na kidogo, haugharimu chochote, na unamwagwa papo hapo pipa linapotakiwa kuondolewa. Lakini maji yakishaufunika hauna uzito wowote, kwa sababu maji ndani ya maji hayazami wala hayaelei. Zege nalo hupungukiwa na zaidi ya theluthi moja ya uzito wake likizama, lakini kilichobaki bado kinashikilia. Barabara ya pwani itiwe zege. Mitungi ya maji ibaki mitaa ya juu.

Limetoweka

Pipa zuri la plastiki ni chombo cha kuhifadhia maji, na pipa la chuma ni kilo za kuuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Anayelichukua la kwanza ana shida ya maji nyumbani, anayelichukua la pili anataka pesa, na kila mmoja huzuiliwa kwa njia yake.

Kwa la plastiki, matundu yaliyotajwa juu yamekwisha kufanya kazi ya pili: pipa lililotobolewa halina faida kwa mtu mwenye shida ya maji. Ndiyo sababu matundu yapigwe siku ya kwanza, kabla pipa halijatoka ghalani, hata kwa mitaa ambayo maji hayafiki. Kwa la chuma, mnyororo husaidia, lakini swali ni kuufunga kwenye nini. Usiufunge kwenye nguzo ya umeme, wala kwenye nguzo za kufungia vyombo gatini, wala kwenye komeo au nguzo ya mlango wa kuchongwa, hata kwa usiku mmoja. Ukiufunga kwenye mti, mnyororo hukata gome na kuunyonga mti unaponenepa. Kilichobaki ni kufunga pipa na uzito wake wenyewe, au pipa na pipa: mapipa mawili yaliyounganishwa kwa waya wa chuma uliosukwa, pamoja na vipande vya zege, ni mzigo wa kilo nyingi usiobebeka kimyakimya katika kichochoro ambamo kila dirisha lina sikio. Jina la mtaa lipakwe rangi kubwa juu ya ubavu na ndani pia, maana rangi ya nje hukwaruzwa haraka.

Limetulia, lakini haliwezi kumwagwa

Hili ndilo tatizo linaloletwa na tiba mbaya, na kwa maoni yangu ndilo lililoharibu mapipa mengi kuliko upepo na punda kwa pamoja. Mtu amechukua pipa la chuma la lita 200, akamimina mchanga wa kina cha sentimita 15 chini yake, na kweli halianguki. Lakini mchanga huo ni lita 40, yaani kilo 60 hivi. Mzoataka anayekuja na mkokoteni hawezi kuliinua na kulimimina. Atachota kwa mikono akichoka, au atalilaza chini kwa makusudi na kukomba, au atalipita. Baada ya majuma machache taka za chini zimeoza juu ya mchanga uliolowa, kitako kimeliwa na kutu, na watu wameanza kutupa taka kando ya pipa. Dalili zake ni wazi: limejaa daima, lina rundo pembeni, lina funza, na midomo yake imepindika kwa kulazwa.

Tiba ni kukitenga kitu kinachobaki na kitu kinachobebwa. Kinachobaki ni ganda la nje au fremu, nacho ndicho chenye uzito. Kinachobebwa ni chombo cha ndani, chepesi, chenye vishikio viwili, kinachotoka kwa juu au kwa mlango wa mbele. Chombo cha ndani kisizidi lita 80, kwa sababu taka zetu zina maganda na makombo mengi yenye maji, na zaidi ya hapo mtu mmoja hawezi kukiinua bila kuumia mgongo. Ikiwa hakuna fedha za ndoo za ndani, gunia imara lililotandazwa kwenye pete ya nondo linafaa, mradi lioshwe.

Uzito wa ganda la nje nao ugawanywe. Mimina vipande vya zege vya sentimita 40 kwa 40, unene wa sentimita 6.5, kila kimoja kikiwa na kishikio cha nondo kilichozamishwa kabla zege halijakauka. Kila kipande kitakuwa na kilo 24 au 25, ambazo mtu mzima hubeba. Viwili vikilazwa juu ya kitako cha fremu ya kilo 10 hufanya kilo 60, na ikiwa kitako kina sentimita 30 kutoka katikati hadi ukingo, mizani ya muuza samaki itasoma zaidi ya kilo 16 kwa pipa la kimo cha sentimita 110. Hiyo inazidi kile tulichokitaka mahali pa watoto. Jeneza au zafa ikija, watu wawili wanatoa chombo, wanachukua kipande kimoja kimoja, wanainua fremu, na njia iko wazi. Ikipita, kila kitu kinarudi juu ya alama ya chokaa.

Zege hili lisimiminwe papo hapo njiani. Saruji inayomwagika na kushikana na sakafu ya kale haitoki bila kung'oa jiwe, na saruji iliyogandamana na ukuta wa chokaa huuzuia kutoa unyevu. Limiminwe uani, likauke vizuri, ndipo lipelekwe kwa punda au mkokoteni.

Kilichofunga kimekatika

Kwa hili maneno machache yanatosha. Mnyororo wa chuma kitupu hautadumu kwa hewa ya Lamu. Nunua uliopakwa zinki, na kufuli lipakwe grisi kila mwezi. Kamba ya katani huoza ikilowa na kukauka. Kamba ya nailoni haiozi, lakini jua huipukutisha hadi inakuwa unyoya. Kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za makumbi ya nazi, huvumilia maji ya chumvi, ni ya hapa hapa, na ikikatika hukatika polepole kwa kuonekana, jambo ambalo ni fadhila katika kifungo chochote. Usichanganye chuma kisichoshika kutu na chuma cha kawaida katika kiungo kimoja, kwa sababu cha kawaida kitaliwa haraka kuliko kingekuwa peke yake.

Dalili ikirudi baada ya tiba

Pipa lililowekewa zege na bado linaanguka lisiongezewe zege. Rudi kwenye maswali ya mwanzo, na ulitazame kwa saa tofauti: alfajiri kabla ya mzoataka, adhuhuri wakati punda wa mizigo wanapopita, na usiku maduka yanapofungwa na masalio ya chakula yanapotupwa kwa wingi. Mara nyingi sababu mbili zimekaa pamoja. Upepo ulifungua kifuniko, harufu ikatoka, punda akaja. Anayetibu uzito tu atamwona punda yule yule kesho, na anayeweka kifuniko bila ukanda atakiokota kifuniko baharini. Tibu kwanza ile inayotokea mapema katika mfuatano, subiri juma moja, kisha upime tena kwa mizani.

Ukaguzi wa jumla ufanywe mwezi wa Machi, kusi haujaingia na mvua za masika hazijaanza: mizani ukingoni, matundu yazibuliwe, vipande vya tairi vibadilishwe, ukanda wa kifuniko uvutwe uone kama bado unarudi. Kwa barabara ya pwani ukaguzi wa pili ufanywe kabla ya kila bamvua kubwa ya msimu wa kusi, na pipa lisilofikisha kilo 5 kwenye mizani liingizwe ndani hadi lipatiwe fremu.